Shajara ya posta: mtu aliyepiga goti kisimani

Wiki ya 1, Jumatatu

Haya, nimeamua kuandika hii kazi ikiendelea juu nikingoja iishe nitakuwa nimesahau nusu. Kuna drama ya TV tunaiunda hapa Nairobi, ya kifantasia, imeegemea hadithi ya Fumo Liyongo, na mimi ndio nimeangukiwa na posta. Jina lenyewe watu bado wanalipigania kwa grupu kwa hivyo hapa nitaiita tu drama.

Kwa wale walilala darasani siku hiyo: Liyongo ni shujaa wa Pate, jitu la mtu, mshairi pia, silaha hazimuingii. Kitu kimoja tu ndio kingemuua, sindano ya shaba idungwe kitovuni. Sultani akamtumia mtoto wake wa kumzaa, kijana akaahidiwa kuozwa binti wa mfalme, akaenda akamuuliza babake siri yake, akaambiwa, akamdunga akiwa usingizini. Liyongo akaamka, akachukua upinde, akatoka mpaka kisimani, akapiga goti, akapachika mshale, na akafia hapo hapo akiwa vile vile. Sasa watu wa mji wakienda kuteka maji wanamuona pale na upinde wake, wanarudi mbio na mitungi mitupu. Siku zikapita hivyo. Mamake mzazi aliletwa ambembeleze kwa mashairi, wapi. Mpaka maiti ikaanguka yenyewe ndio wakajua walikuwa wanaogopa mtu aliyekwisha kufa zamani.

Hiyo hadithi imejaa picha hadi inakera. Sindano, kitovu, kisima, upinde, na bado sijataja ule mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani ndio Liyongo atoroke gerezani. Nikifikiria tu nachanganyikiwa nianzie wapi.

Jumatano

Nimemaliza ya kwanza na nimeichukia. Uso wa mwigizaji mkuu umejaa karatasi nzima, nusu gizani, cheche za moto zinaruka, nyuma kuna jahazi na mawingu meusi. Direkta ameipenda. Mwigizaji ameipenda zaidi, kesho yake alikuwa ameshaiweka profaili. Lakini ukitoa jina inaweza kuwa posta ya drama yoyote ile, toka Uturuki mpaka Korea. Haisemi kitu, inasema tu kuna jamaa amekasirika.

Nimewaomba wiki mbili. Wamenipa siku kumi.

Ijumaa usiku

Nimekaa kuangalia wenzetu walifanya nini, sio kuiga, ni kujua dawa yao. Ile ambayo sijawahi kuitoa kichwani ni ya msimu wa kwanza wa Game of Thrones, 2011. Ned Stark amekaa kwenye kile kiti cha panga, ameegemea upanga wake mkubwa, na maneno yanasema unashinda ama unakufa. Ukiiona kabla ya kutazama unaona mfalme. Basi, huyu ndiye stelingi, na kila mtu aliyekulia kwa video shoo anajua stelingi hafi. Halafu unafika epi ya 9, anakatwa kichwa, tena kwa upanga wake mwenyewe ule ule aliokuwa ameuegemea. Yaani walikuonyesha kifo chake ukutani miezi kabla, mchana kweupe, na silaha yenyewe wakamshikisha mkononi, na hakuna aliyesoma. Mimi nilirudi kuiangalia baadaye nikaskia baridi.

Hicho ndicho nataka. Posta ya kutishia watu sitaki, nataka ile ya kusema siri yote hadharani na mtu asiisome mpaka amalize kutazama ndio arudi kuiangalia aseme aaaah.

Nyingine ni ya The Rings of Power, Februari 2022, walitoa posta 23 za wahusika na hakuna uso hata mmoja, ni mikono na mavazi tu, huyu ameshika upanga, yule tunda, juu hadithi ni ya pete na pete zinakaa wapi kama si mkononi. Nimetumia direkta hizo picha nikimwambia ona, posta 23 bila uso. Amenijibu ati hao wana pesa ya kuficha nyuso, sisi uso ndio tunao. Sina jibu.

Wiki ya 2, Jumatatu

Ya pili: kiwiliwili tu, toka shingoni mpaka kiunoni, kifua kipana kimepakwa mafuta, na mkono wa kijana umeingia kutoka pembeni umeshika sindano ya shaba imeelekea kitovuni. Hapo nyuma kuna shuka na mwanga wa kibatari. Nilijiona nimefika kabisa. Mkono wa mtoto, mwili wa baba, hakuna uso, kila kitu kiko.

Nikachapisha nakala tano za A2 kule downtown kwa yule fundi wangu wa River Road, nikazibandika usiku karibu na stage ya Umoja Innercore, halafu asubuhi nikasimama hapo na chai ya karatasi nikijifanya nangoja mathree.

Dakika kama kumi hivi hakuna aliyeangalia. Halafu makanga mmoja akasimama mbele yake, akaisoma juu mpaka chini, akamgeukia mwenzake: "Huyu mganga ni mpya? Wa kutoka wapi?" Mwenzake akamwambia bila hata kuangalia vizuri, "Hao ni wa Tanga," na wakaendelea kuita watu wa tao.

Nilitaka kucheka na kulia. Lakini hebu fikiria, ana haki. Posti zote za stima hapo zimejaa vibandiko vya waganga, mapenzi, biashara, kurudisha kilichoibwa, na wewe unaleta kitovu na sindano unatarajia mtu wa Umoja aone fasihi? Mtu anasoma ishara kwa zile ishara anazopitia kila siku. Kila ukuta hapa una lugha yake tayari, na mimi niliandika kwa lugha ya waganga bila kujua.

Nimezibandua zote tano. Moja ilikuwa imeshaibiwa, sijui na nani na sijui ya nini.

Jumanne

Kikao kwa simu. Dada wa mavazi anasema tutumie rangi kuwagawanya watu, kama House of the Dragon msimu wa 2, 2024, ile ya weusi na kijani, unaambiwa lazima uchague upande. Wazo zuri, tuna Liyongo na tuna sultani. Sasa tukaanza kutafuta rangi. Chungwa? Watu wataona chama cha ODM. Njano na kijani? Watauliza wilbaro ya chama cha UDA iko wapi. Kijani peke yake? Timu ya Gor Mahia. Nyekundu? Chama cha Jubilee, ama kampuni ya simu. Tulimaliza dakika arobaini na hatukupata rangi mbili ambazo hazina mwenyewe Kenya hii, na uchaguzi wa 2027 huo unakuja, ndio kabisa. Tumeacha rangi za pande mbili. Posta itakuwa ya udongo, mchanga, chokaa na bluu ya alfajiri, na rangi moja tu ya kupiga kelele.

Msee wetu wa sauti ambaye kwao ni Kisumu akaleta Lwanda Magere, ati mbona tusitumie kivuli. Magere mwili wake ulikuwa jiwe, mkuki haumuingii, nguvu zilikuwa kwenye kivuli, kivuli kilipochomwa akafa. Ni kama ndugu wa Liyongo huyo, shimo moja tu kwenye mwili mzima, na siri ikatokea nyumbani kwake, kwa yule bibi aliyemuoa kutoka kwa maadui. Nikakumbuka Februari 2013 watu wa Game of Thrones walivyochukua kurasa mbili za New York Times wakaweka kivuli cha joka juu ya habari, joka lenyewe halipo, kivuli tu kimelala juu ya maandishi. Kali sana. Lakini nikamwambia ukweli: kivuli ni cha Magere, siwezi kumvua nikamvisha mtu wa Pate. Akasema basi siku mkifanya ya Magere mniite. Sawa, tutamuita.

Alhamisi

Nimeenda South C kumuona mzee mmoja wa Lamu ambaye direkta anamtumia kwa mambo ya lugha. Nilibeba ya pili, ile ya sindano. Akaivaa miwani, akaiangalia muda mrefu mpaka chai ikapoa.

"Mwanangu, hii sindano umeipa kila mtu."

Nikamwambia Maalim, si ndio hadithi yenyewe?

"Siri ya mtu haiwekwi ukutani. Aliyeijua alikuwa ni mwanawe peke yake, na ndiyo maana ikamuua. Wale wa mji waliona nini? Waliona mtu amepiga goti. Basi na hawa wako wa Nairobi waonyeshe hicho hicho."

Nilikaa kimya. Manze. Kazi nzima nilikuwa nasimama upande wa yule mtoto, nashika sindano naye, kumbe posta inatakiwa isimame upande wa watu wa mji, wale wenye mitungi, wanaoona mtu hai. Mtazamaji awe mmoja wao. Aogope kuteka maji.

Nilipokuwa natoka mkewe akanipitia barazani, amejifunga leso, na nikajikuta naisoma kabla hata sijasalimia vizuri. Macho yalienda yenyewe kwenye maneno, halafu kwenye picha ya katikati, halafu pindo. Nikamwamkia shikamoo Bi mkubwa huku bado nasoma. Akacheka, "Marahaba, soma tu baba, yameandikwa yasomwe."

Ndani ya mathree ya kurudi nilichora nyuma ya risiti.

Jumamosi

Ya tatu. Nimeijenga kama leso. Pindo limezunguka pande zote nne, mji, yaani ile sehemu ya katikati, ndio picha, na chini ya mji ndani ya kisanduku chake kuna jina, yale maneno. Najua mtu atakuja kusema leso ni za karne ya 19 na Liyongo ni wa zamani zaidi. Ndani ya tukio lenyewe hakuna mtu amevaa leso, dada wa mavazi angenimaliza. Fremu ni ya msomaji wa leo, juu kama kuna karatasi ambayo kila mtu kuanzia Lamu mpaka Umoja anajua kuisoma bila kufundishwa, ni leso. Na leso inasemaga jambo kwa mtu fulani huku ikijifanya inaongea na kila mtu, ambayo ndio kazi niliyokuwa naitafuta tangu siku ile ya Ned.

Pindo lote ni sindano. Mamia, zimepangwa moja moja zimesimama, ukiwa mbali unaona mapambo ya mistari tu. Hakuna nyingine popote kwa posta.

Mji: kisima katikati, ukuta wa matumbawe umekaa kama umechoka, alfajiri. Jamaa amepiga goti, upinde mkononi, mshale umepachikwa. Uso umegeuka robo hivi, kwa hivyo uso upo direkta ametulia, lakini macho huyaoni. Mbali kabisa kuna wanawake na mitungi wamesimama, hawasogei, na mmoja mtungi umemlalia chini. Kuna kijana mmoja tu kwa umati ambaye haangalii kisimani, anaangalia mikono yake.

Shida ni, nitaonyeshaje amekufa bila kuonyesha amekufa? Nikaweka ndege. Mtu akiwa hai na upinde, ndege hatui juu ya mshale wake. Nikaweka kunguru, mweusi, mzuri, ana kiburi.

Jumapili

Nilimtumia mzee ya tatu, amejibu kwa ujumbe wa sauti, dakika nne. Kwa ufupi: kunguru huyo umemtoa Mombasa, huyo wa shingo ya kijivu ni mgeni, aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na toka hapo ndio akasambaa pwani yote, Liyongo hakumjua. Kama unataka kunguru weka wa kwetu mwenye kifua cheupe.

Nikasema sawa, lakini nikifikiria, kunguru ni kifo kila mahali duniani, hata Ned kwenye ile posta yake alikuwa na mmoja. Ukiweka kunguru umeshaandika "amekufa" kwa herufi kubwa. Nataka ndege ambaye haogopeshi mtu.

Nikauliza kwa grupu ya familia ndege gani mdogo wa pwani. Shangazi yangu wa Malindi: "Weka chozi."

Chozi! Kale kadogo kenye mdomo mrefu wa kupinda kanakonyonya maua. Na mama yake Liyongo alilia pale pale kisimani. Mtu asiyejua ataona kindege kizuri, anayejua jina lake atakaa chini. Tena wako wenye kifua chekundu kabisa, na mimi nilikuwa nimebakisha rangi moja ya kelele. Shangazi hajui amefanya nini, nimemtumia soo mbili ya chai.

Wiki ya 3, Jumatatu

Stima zilipotea saa mbili usiku, lepi ikabaki asilimia 11, sikufanya kitu. Nililala.

Jumanne

Leo ndio siku ya kuandikwa kwa wino mwekundu, na ilikuwa bahati tu.

Nilikuwa nimemtuliza chozi juu ya mshale. Mshale nilikuwa nimeushusha kidogo, mkono wa maiti lazima ulegee, kwa hivyo ulikuwa usawa wa tumbo. Nikatuma kwa grupu. WhatsApp ikaibana vile inabananga picha zote, na kabla sijaifungua, ile picha ndogo, ile ya ukubwa wa kucha, nikaona jamaa amepiga goti na ana tone jekundu tumboni. Kitovuni kabisa.

Nilifungua, ni ndege. Nikafunga, ni jeraha. Nikafungua tena. Ndege.

Nilitoka nje nikatembea mpaka kwa mama mboga nikarudi bila kununua kitu.

Yaani siku zote hizo napigana na sindano ya shaba, kwa simu ilikuwa inapotea, kwa karatasi shaba haitoki, kwa skrini inang'aa lakini ukichapa kwa wino wa kawaida inakuwa kahawia kama ugoro, ukitaka ing'ae ulipie wino wa tano ama karatasi ya kupigwa moto, na pesa hiyo hatuna. Kumbe sindano haihitajiki kwa mwili wake. Ukiwa mbali unaona alipodungwa. Ukija karibu unaona ndege, unatulia. Kadiri unavyosogea ndivyo unavyodanganywa. Nimemsogeza chozi milimita tatu kulia, basi, sijagusa kingine.

Jumatano

Maneno. Direkta alitaka kitu chenye damu na usaliti, mtoaji pesa alitaka "hadithi ambayo haijawahi kusimuliwa", wakati imesimuliwa karne na karne hiyo. Nimewaandikia jina la leso: KISIMA NI CHENU, TEKENI. Kabla hujatazama ni ukarimu. Ukimaliza ni kejeli. Kura nne kwa mbili.

Alhamisi, River Road

Fundi ameniangalia akasema, "Bosi, hii nyeusi yako itatoka kijivu." Yuko sawa, nilikuwa nimeweka nyeusi peke yake asilimia 100. Tumeongeza sayani 60, majenta 40, njano 40 chini yake, sasa ukuta wa kisima una kina hata unaogopa kuchungulia. Pia nilikuwa nimesahau kuacha milimita 3 za kukatwa na sindano zangu za pindo zingekatwa vichwa. Kwa A2 zinaonekana safi moja moja. Kwa simu zinakuwa mstari wa kijivu, sijali, hizo ni za anayekuja karibu.

Ijumaa, Innercore tena

Nakala tano, ukuta ule ule. Makanga yule yule, naapa.

Amesimama. Ameangalia. Akapiga hatua moja nyuma, akarudi mbele, akaweka kidole juu ya ndege. Hakusema mganga. Akauliza, "Huyu jamaa anangoja nani?"

Mama mmoja mwenye mtungi wa plastiki wa lita 20, juu maji ya mfereji yalikuwa yamekatika siku ya tatu, akamjibu akipita: "Ananingoja mimi nikateke, si umesoma?" Na akaenda zake akicheka.

Jumamosi

Direkta amekubali. Mwigizaji ameuliza kama uso unaweza kugeuka kidogo zaidi, nikamwambia la.

Halafu direkta akapiga simu usiku na wazo lake, na lazima nimpe haki yake: epi ya mwisho ikishapita tubandike posta ile ile, kuta zile zile, kila kitu kama kilivyo, ila ndege hayuko. Nimefungua faili, nimezima leya ya chozi. Tumbo halina kitu, mshale umebaki mtupu, wanawake bado wamesimama mbali. Nimesevu kwa jina jingine.